Lidcombe: Mtaa Uliokimbia Jina la Kijito Chake

Wengi wetu tunaokaa magharibi ya Sydney tunaijua Lidcombe kama mahali pa kubadilishia treni tu. Unashuka, unatazama saa, unapanda ngazi na kuteremka upande wa pili, kisha safari ya Auburn, Granville au Blacktown inaendelea. Lakini siku treni ikikuacha, tembea mpaka jukwaa la mwisho upande wa kaskazini. Lina namba sifuri. Hapo ndipo inapoanzia njia fupi ya kwenda Olympic Park, iliyofunguliwa mwaka 1998 ili kubeba watazamaji wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000. Kisha geuka utazame kusini. Zamani kulikuwa na njia nyingine iliyochepuka kutoka hapa hapa, fupi vile vile, ila wenye safari walikuwa wamelala ndani ya majeneza. Kuanzia mwaka 1867 mpaka 1948 treni za maziko zilitoka mjini na kuingia moja kwa moja katika makaburi ya Rookwood.

Kusini wafu, kaskazini michezo. Historia yote ya mtaa huu imebanwa kati ya njia hizo mbili, na mimi naiona kama historia ya nyumba yenye uani na sebule. Kila nyumba ina uani wake, mahali pa majivu, maji machafu na vyombo ambavyo havijaoshwa, mahali ambapo mgeni haonyeshwi. Kwa zaidi ya miaka mia moja Lidcombe na kingo za mto zilizo kaskazini yake zilikuwa uani wa Sydney. Leo uani huo umegeuzwa sebule, tena sebule ya bei kali. Nataka tujiulize waliokwenda wapi wale waliokuwa wakikaa uani.

Tuanze na jina, maana kwa mtaa huu jina ni nusu ya habari. Kabla ya Wazungu, ukingo huu wa kusini wa mto Parramatta ulikuwa wa Wawangal. Huo ndio ukoo wa Bennelong, yule bwana aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1789 na baadaye kuchukuliwa mpaka Uingereza. Mwaka huo huo wa 1789 ndui ilifagia watu wa Sydney, na waliobaki walijikuta ardhi yao inagawiwa walowezi. Mmoja wa waliopewa ardhi aliitwa Samuel Haslam. Kijito kilichopita hapo kikaitwa Haslams Creek, yaani kijito cha Haslam, na reli ilipofika katika miaka ya 1850, stesheni na kijiji chake vikachukua jina la kijito.

Hapo ndipo serikali ilipoanza kutafuta mahali pa kuzikia. Makaburi ya mjini yalikuwa yamejaa, na walitaka ardhi kubwa, ya rahisi, iliyo mbali na pua za wakubwa lakini karibu na reli. Wakanunua ardhi ya Haslams Creek mwaka 1862, na mwaka 1867 wakaanza kuzika. Wenyeji hawakufurahi. Ukimwambia mtu unakaa Haslams Creek, alifikiri unakaa makaburini. Basi katika miaka ya 1870 likaja jina jipya, Rookwood. Bahati mbaya makaburi nayo yakaitwa Rookwood. Watu wakavumilia mpaka mwaka 1914, wakabadilisha tena, safari hii wakaunganisha majina ya mameya wawili, Lidbury na Larcombe, wakapata Lidcombe. Kwa hiyo jina unalolisikia kwenye kipaza sauti cha treni halina maana katika lugha yoyote. Ni vipande viwili vya majina ya watu, vimeshonwa pamoja ili kuwakimbia wafu. Cha kuchekesha ni kwamba ukoo wa Larcombe kazi yao ilikuwa kuchonga mawe ya makaburi.

Makaburi yenyewe yapo, na watu wapatao milioni moja wamelala humo. Jumuiya zetu nyingi zimekwisha kufika pale, Waislamu kwa Wakristo, kumsitiri ndugu. Stesheni ya mawe iliyokuwa ndani yake, iliyobuniwa na msanifu wa serikali James Barnet, haipo tena. Mwaka 1958 mawe yake yalisafirishwa mpaka Canberra yakajengwa upya kuwa kanisa, nalo ni All Saints pale Ainslie. Waumini wanaingia kwa mlango ambao zamani uliingiza maiti.

Baada ya makaburi vikaja vingine, kimoja baada ya kingine, kama kawaida ya uani. Mwaka 1893 majengo yaliyokuwa yamekusudiwa kuwa shule ya kurekebishia wavulana watukutu yakafanywa makao ya wazee maskini wasio na ndugu. Baadaye yakawa hospitali ya Lidcombe. Kaskazini, pale Newington, likawekwa ghala la baruti. Serikali ikachimba udongo na kuchoma matofali karibu na ghuba ya Homebush. Mwaka 1915 yakafunguliwa machinjio makubwa ya serikali, nayo yakafanya kazi hadi 1988. Silverwater ikapata gereza. Na penye kinamasi, pale maji ya Haslams Creek yanapokutana na maji ya chumvi, mji ukamwaga taka zake kwa miaka na miaka.

Lakini kilichoharibu zaidi hakikuwa na harufu ya damu wala moshi wa matofali. Ng'ambo ya ghuba, pale Rhodes, kiwanda cha Timbrol kilianza kutengeneza kemikali mwaka 1928, na mwaka 1957 kikachukuliwa na kampuni ya Union Carbide. Miongoni mwa bidhaa zake ni dawa za kuua magugu, zile zile zilizochanganywa kupata sumu iliyonyunyizwa na ndege za Marekani juu ya misitu ya Vietnam. Utengenezaji wake huacha dioksini, sumu isiyoyeyuka upesi, inayokaa kwenye matope, ikaingia kwa mnyoo, kutoka kwa mnyoo ikaingia kwa samaki, na mwisho ikafika mezani. Kuvua katika ghuba ya Homebush kulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2006 uvuvi wa biashara ukasimamishwa katika bandari yote ya Sydney, na mvuvi wa kujifurahisha akaambiwa kwamba samaki yeyote aliyevuliwa magharibi ya daraja kubwa asiliwe kabisa. Vibao vya onyo vipo ukingoni kwa lugha kadhaa. Cha Kiswahili sijakiona, hivyo nawasisitizia ndugu zangu watu wa pwani wanaotoka na ndoana Jumamosi asubuhi: mrudisheni majini.

Nani alikaa karibu na mambo yote hayo? Wafanyakazi wa machinjio, wa matanuri, wa reli na wa viwanda, waliohitaji nyumba ya bei nafuu iliyo karibu na kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja Waukraine waliokuwa wakimbizi, wakajenga kanisa lao hapa Lidcombe. Baadaye Wakorea, ambao leo ukipita karibu na stesheni jioni utajua wapo kwa harufu ya nyama choma yao. Sisi Waafrika Mashariki tulikuja nyuma, wengine Lidcombe yenyewe, wengi zaidi Auburn, Granville na Blacktown, kwa sababu ile ile iliyowaleta wenzetu. Mtu wa kuja hupata chumba pale ambapo mwenye mji hataki kukaa.

Mwezi wa Septemba 1993 Sydney ilishinda haki ya kuandaa Olimpiki, na ghafla uani ukahitaji kupigwa deki. Nasema kwa haki kabisa kwamba kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Taka kiasi cha mita za ujazo milioni 9 zilikusanywa, zikarundikwa na kufunikwa kwa udongo. Maji machafu yanayochuruzika chini yake yananaswa na kusafishwa mpaka leo. Sehemu ya chini ya Haslams Creek ikapewa tena kingo za udongo na majani. Katika shimo la zamani la matofali aligunduliwa mwaka 1992 chura adimu wa kijani na dhahabu, na mipango ikabadilishwa kwa ajili yake. (Wapangaji wa nyumba hawajawahi kubahatika hivyo.) Vilima vya taka vikapandwa nyasi na kupewa majina ya heshima. Kimoja kinaitwa Kronos, jina la kilima cha Olimpia kule Ugiriki. Ukipanda juu yake unaona mji mzima, na chini ya viatu vyako kuna takataka za babu zao.

Na michezo ikaja. Tulioiona hatuwezi kusahau Noah Ngeny akimpita El Guerrouj wa Morocco hatua za mwisho za mita 1500, wala Reuben Kosgei akichukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Wimbo wa taifa wa Kenya ulipigwa katika eneo ambalo miaka kumi na miwili kabla yake ng'ombe walikuwa bado wanachinjwa.

Baada ya michezo ndipo ardhi ilipoanza kusema kwa lugha ya fedha. Kijiji cha wanariadha kikawa mtaa wa Newington. Hospitali ya Lidcombe, iliyofungwa katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa imewapokea waandishi wa habari wakati wa michezo. Ikauzwa ikawa mtaa wa nyumba mpya uitwao Botanica. Majengo kadhaa ya zamani yamehifadhiwa na yanapendeza, lakini mtu akipita leo hatajua kwamba pale walikufa wazee maelfu wasiokuwa na wa kuwazika. Ukingo wa ghuba ukaota maghorofa. Mwaka 2009 sehemu ya mtaa uliokuwa ukiitwa Homebush Bay ikabadilishwa jina, ikawa Wentworth Point. Tumerudi kule kule kwa mwaka 1914. Jina la Homebush Bay lilikuwa limeandikwa kwenye magazeti mno, karibu na neno dioksini.

Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja kati ya Wentworth Point na Rhodes, la mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu, kwa fedha za makampuni yenye ardhi pale. Limepewa jina la Bennelong. Mwangal akapata daraja juu ya maji yake, miaka zaidi ya mia mbili baada ya kunyang'anywa maji yenyewe. Kando yake, ndani ya ghuba, lipo gofu la meli SS Ayrfield, iliyoundwa Uingereza mwaka 1911 na kuletwa hapa kuvunjwa. Haikuvunjwa ikaisha. Mikoko imeota ndani ya bodi lake mpaka inaonekana kama kapu la maua lenye kutu, na fleti zenye kuitazama huuzwa kwa kuisifu.

Mikoko hiyo ni jamaa yetu. Ni mchu, ule ule wa Lamu, Tanga na Pemba, wenye mizizi inayochomoza matopeni kama misumari. Maji yakitoka unasikia harufu ile ile. Mtu wa pwani akisimama pale Haslams Creek alasiri, macho yanamwambia yuko ugenini, pua inambishia.

Na harufu hiyo ndiyo inayonipeleka Unguja. Wazanzibari watanielewa haraka. Mji Mkongwe zamani ulitenganishwa na Ng'ambo kwa hori la bahari, maji yakijaa yanaingia mpaka nyuma ya mji, na watu wakivuka kwa daraja. Wakati wa Waingereza hori lilifukiwa polepole, ikapita barabara. Daraja halipo na maji hayapo, lakini mpaka leo mtu anakwenda sokoni Darajani na anarudi kwake Ng'ambo. Maji yamekufa, jina limebaki na maana yake yote: huku wenye nyumba za mawe, kule watu wa kazi, waliokuwa na vibanda vyao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine. Kodi za viwanja zilipopandishwa katika miaka ya 1920, watu wa Ng'ambo mwaka 1928 waligoma kuzilipa, wengine wakafungwa, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia na kuzidhibiti kodi hizo.

Lidcombe ni kinyume chake. Maji yapo, tena yamesafishwa. Lililofukiwa ni jina. Naona jambo hili si dogo, kwa sababu watu wa Ng'ambo walipogoma waligoma kama watu wa Ng'ambo. Jina liliwakusanya. Hapa kila kipande cha ukingo kinachopanda bei hupewa jina jipya, na anayehama anahama peke yake na masanduku yake, bila hata kujua kwamba ametoka mahali pamoja na mwenzake wa mtaa wa pili.

Mwaka huo huo wa 2016 ramani nayo ikakatwa. Halmashauri ya Auburn, iliyokuwa inaisimamia Lidcombe mpaka mtoni, ilivunjwa mwezi Mei. Sehemu ya kusini ya barabara kuu ya M4 ikaingizwa katika halmashauri mpya ya Cumberland, na sehemu ya kaskazini, pamoja na Newington, Wentworth Point na uwanja wa Olimpiki, ikapewa Parramatta. Kwa maneno mengine, Lidcombe ya stesheni, ya makaburi na ya wapangaji imebaki upande mmoja, na ukingo wa maji pamoja na kodi za majengo yake umekwenda kwa jirani tajiri. Walioishi na uvundo wa machinjio walibakiziwa mfereji. Nauita mfereji kwa makusudi, kwani huku juu Haslams Creek bado inapita ndani ya saruji, na watu wengi huivuka kila siku wakidhani ni bomba la maji ya mvua.

Kaskazini ya M4 kiko kipande ambacho bado kimeitwa Lidcombe, mtaa wa Carter Street. Mwanzoni mwa karne hii palikuwa mahali pa maghala, karakana na ofisi. Katika miaka ya 2010 serikali ya jimbo ilibadilisha matumizi ya ardhi hiyo ili zijengwe fleti kwa maelfu, na maghala yakaanza kuondoka. Ghala halina uzuri wa kulilia. Ila ghala lilikuwa linampa kazi mtu ambaye vyeti vyake vya Nairobi au Bujumbura havijatambuliwa, na fleti iliyosimama mahali pake haimpi kazi wala hana uwezo wa kuipanga.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni hadithi ya Wazungu matajiri kuwafukuza wageni maskini. Ukiingia lifti ya ghorofa yoyote pale Wentworth Point utakutana na Wachina, Wakorea, Wahindi, na siku hizi vijana wetu pia, wauguzi na wahasibu, wamebeba mikopo ya miaka thelathini. Hata wao uani haujawaacha. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2018 jengo jipya la Opal Tower, lenye ghorofa 36, lilipasuka ukuta kwa kishindo na wakaaji wakatolewa nje. Wengine walikaa hotelini kwa miezi.

Nimekuwa nikifikiria haya kila ninaposikia habari za bonde la Msimbazi. Ndugu zetu wa Jangwani na Kigogo wanayajua mafuriko ya Desemba 2011, na wanazijua alama za X zilizochorwa kwenye kuta za nyumba mwishoni mwa mwaka 2015 kabla ya matingatinga kuja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo, wenye kuhamisha wakaaji wa mabondeni, kuzuia mafuriko na kuweka bustani ya mji. Bustani ya mto katikati ya Dar es Salaam ni jambo la kutamani. Ningependa tu mtu anayeichora aje siku moja asimame juu ya kilima cha Kronos, aulize majina ya waliokuwa wakikaa chini yake.

Kwa walio wapangaji hapa, ni vizuri kujua mahali tulipofika. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024 mwenye nyumba katika New South Wales haruhusiwi kupandisha kodi zaidi ya mara moja kwa miezi 12. Tangu tarehe 19 Mei 2025 hawezi kumtoa mpangaji bila sababu iliyotajwa katika sheria. Kiasi cha kupandisha hakina kikomo, isipokuwa mpangaji ana haki ya kupeleka malalamiko kwenye baraza la rufaa kama kodi imezidi kupita kiasi. Wachache wetu huitumia haki hiyo. Wengi hufunga masanduku na kutafuta nyumba mbali zaidi na stesheni.

Wahariri wananikumbusha kwamba nafasi imekwisha, kwa hiyo niombe jambo moja. Kama wewe au mzee wako mlifanya kazi katika maghala ya Carter Street, au mlipanga nyumba karibu na Haslams Creek kabla ya mwaka 2000, na mnayo picha, hata ya harusi au ya gari lililoegeshwa mlangoni, msiitupe. Andikeni nyuma yake mwaka, jina la mtaa kama ulivyoitwa wakati huo, na nani amesimama upande gani, kisha mtuletee nakala siku ya mkutano wa jumuiya.